Mwalimu mgeni atakula nini?

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nataka tuzungumze juu ya mgeni ambaye hufika vijijini kwetu kila mwaka, naye ni mwalimu.

Mwezi Juni mwaka 1993 nilipangiwa kufundisha katika sekondari moja wilayani Mbulu. Wakati ule Mbulu na Hanang zilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Arusha, kwani Mkoa wa Manyara ulianzishwa mwaka 2002. Mimi ni mtu wa Lindi. Niliteremka garini na shati jepesi, na baridi ya Juni ya milima ya Mbulu haina utani. Wiki hiyo hiyo akafika mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza.

Kijiji kizima kikawa na swali moja: "Huyu Mzungu atakula nini?" Akachinjiwa kuku. Akapewa nyumba yenye jiko na pipa la maji. Wazee walipomwona anamega ugali kwa vidole, wakampigia makofi. Mimi hakuna aliyeniuliza. Mtanzania atashindwaje na chakula cha Tanzania?

Lakini, ndugu msikilizaji, mimi nilikulia kwenye ugali wa muhogo, samaki na nazi. Mbulu nilikuta ugali wa mahindi kwa maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu, na makande karibu kila siku. Sokoni watu walizungumza Kiiraqw, lugha ya jamii ya Kikushi, yenye undugu na Kisomali, siyo na Kiswahili. Ukienda Hanang unakutana na Kibarbaig, ambacho ni lugha ya Kiniloti. Yule Mwingereza alikuwa ng'ambo. Na mimi je?

Jioni moja tulipika maharage pamoja. Saa mbili zikapita, ya tatu ikaingia, maharage yangali magumu kama kokoto. Mama jirani akapita, akacheka: "Walimu wangu, hapa ni juu. Maharage hulowekwa tangu jana." Alisema kweli. Penye mwinuko wa mita 1,800 hivi, maji huchemka kwenye nyuzi 94, siyo 100 kama kule pwani, hivyo chakula hukawia kuiva. Na mimi, mwalimu wa fizikia, nilikuwa nimeliandika jambo hilo ubaoni asubuhi ile ile!

Tangu siku hiyo akawa mama yetu sote wawili. Alitufundisha salamu za kwao, akatukatia kipande cha shamba tukapanda vitunguu saumu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lile ndilo lililonishika Mbulu miaka sita.

Mwaka uliofuata alikuja kijana mwingine wa pwani. Akapewa chumba nyuma ya stoo, hakupata jirani wa kumwambia habari ya maharage. Muhula haujaisha, akaomba uhamisho. Kidato cha tatu kikakaa bila mwalimu wa hisabati mpaka mwaka ukaisha. Walioumia ni watoto wa kijiji kile kile.

Sisemi mgeni wa mbali asichinjiwe kuku. La hasha! Ninachosema ni kwamba mwalimu atokaye Mtwara kwenda Haydom, au atokaye Katesh kwenda Kilwa, naye yuko ugenini. Kamati za shule na serikali za vijiji zimuulize: umelalaje, una kuni, umekula nini? Nyumba ya mwalimu inaweza kungoja fedha miaka mingi, lakini bakuli la makande halingoji bajeti. Na wewe mwalimu, ukiletewa maziwa ya mgando, usikunje uso. Kunywa, kisha uliza habari za nyumbani.