Koki Iliyokatika: Mintarafu ya Madhara Yasiyokusudiwa Wakati wa Kutazama Nyumba ya Kupanga



Mji wetu wa Bukene, ulioko wilaya ya Nzega, kaskazini ya Tabora, umezoea wageni tangu zama za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi walipokuwa wakichukua mizigo ya frasila mbili mbili mabegani baina ya bara na pwani; ukazidi kuwazoea baada ya mwaka 1928, reli itokayo Tabora ilipofika Mwanza. Walakini mgeni wa siku hizi hatafuti pa kujinyosha usiku mmoja, bali hutafuta nyumba ya kupanga. Walimu na waganga huhamishwa, wafanyabiashara wa mpunga huja na kukaa, na tangu uanze ujenzi wa kipande cha reli mpya cha Tabora hadi Isaka, chenye kilomita 165, na tangu kizinduliwe mwaka 2024 kiwanda cha Sojo, katika wilaya hii hii, cha kuyapaka utando wa kuhifadhi joto mabomba ya mafuta ghafi yaendayo Tanga, wapangaji wameongezeka kuliko vyumba. Nyumba moja hutazamwa na watu wengi kabla ya kumpata mmoja wa kuilipia kodi, na palipo na kutazama hapakosi kugusa.

Katika tembe ya kale, yenye kuta nene za udongo na paa tambarare la udongo, mgeni aliyekuja kutazama alikuwa na machache ya kuvunja: mtungi, chungu, labda kigoda. Leo nyumba ina madirisha ya alumini ya kutelezesha, dari ya jipsam, marumaru, na sinki lililoshikizwa ukutani kwa skrubu mbili, na aghalabu vyote hivyo vimetiwa na fundi aliyechaguliwa kwa sababu alikuwa rahisi kuliko wenziwe. Hilo nalitaja mapema kwa kuwa baadaye litakuwa na uzito.

Na tufanye mfano wa kubuni. Mwalimu mgeni ameletwa na dalali kwenye nyumba ambayo mpangaji aliyemo atahama mwisho wa mwezi. Mpangaji yuko shambani, na ufunguo amemwachia dalali. Mwalimu anauliza kama maji yanatoka. Dalali anamjibu, "Jaribu mwenyewe, mwalimu." Anaizungusha koki, nayo inamkatikia mkononi, maji ya simtanki yanaruka, hakuna ajuaye pa kuyafungia, na kabla fundi hajafika yameingia stoo na kulowesha magunia ya mchele ya mpangaji. Jioni wanakutana wote wanne. Mwenye nyumba anamdai mwalimu koki, ujira wa fundi na rangi ya ukuta; mpangaji anadai mchele wake; mwalimu anasema hakukusudia; na dalali, kwa utulivu wa kustaajabisha, anadai hela yake ya kuonyesha nyumba, kwa hoja kwamba nyumba imeonekana.

Swali la kwanza linaloulizwa katika vikao vya namna hii huwa ni moja: nani kavunja? Nami nadai kwamba swali hilo, ijapokuwa ni jepesi kujibika, ndilo linaloyapotosha mashauri haya, kwa kuwa jibu lake halituambii nani alipe mpaka kwanza tujue tunasimama juu ya sheria ipi.

Zipo fikra mbili kongwe, nazo zinapingana. Ya kwanza ni ya mafakihi wa Kiislamu, nayo ilikusanywa kwa uwazi katika Majalla, kanuni za dola ya Osmania zilizotolewa baina ya miaka ya 1869 na 1876: kwamba aliyeharibu mali ya mwenziwe kwa mkono wake mwenyewe ana dhamana ya kuilipa, hata kama hakukusudia, hata aliyeteleza akaiangukia. Muradi wa fikra hii si kumwadhibu mtu, maana aliyeteleza hana dhambi. Ni kwamba hasara imekwisha kutokea, haina budi kumkalia mmoja, na si insafu imkalie ambaye hakutenda lolote. Fikra ya pili ni ya Waingereza. Katika shauri la Stanley na Powell la mwaka 1891, mwindaji alifyatua bunduki, risasi ikagonga mti ikapinda na kumjeruhi mwenziwe jichoni, na mahakama ikaamua kwamba maadamu hapakuwa na uzembe, halipi kitu. Kwa kuwa Tanganyika ilipokea sheria ya desturi ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, fikra hiyo ndiyo iliyoingia katika mahakama zetu.

Watazame sasa wale wanne wa jioni ile. Mwenye nyumba anasema kwa ulimi wa fakihi: mkono wako ndio uliokata. Mwalimu anajibu kwa ulimi wa hakimu wa London: sikufanya uzembe. Kila mmoja anamwona mwenziwe mkaidi, ilhali kila mmoja ana msingi wa haki unaoheshimika, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuusoma.

Lakini fikra hizo mbili hukaribiana pale penye idhini. Majalla yenyewe hukubali kwamba jambo lililoruhusiwa na sheria huondoa dhamana, na mfano unaotolewa ni wa mtu aliyechimba kisima katika kiwanja chake, mnyama wa jirani akatumbukia: halipi. Nao Waingereza, wanapopima uzembe, huuliza mtu mwenye busara ya kawaida angefanyaje mahali pale. Koki imeumbwa izungushwe. Aliyeizungusha kama izungushwavyo, tena kwa kuambiwa, hakuvuka mpaka. Ikiwa ilikuwa na ufa uliofungwa kwa kipande cha mpira na yule fundi rahisi, aliyejua habari ya mpira huo ndiye wa kuulizwa. Haya hayamwokoi mtazamaji aliyekalia kochi la watu bila kukaribishwa, wala aliyemwachia mtoto wake apande juu ya kabati wakati yeye anapima upana wa chumba. Hao wamegusa ambacho hawakuja kukitazama, na hapo hata mimi namwandama mvunjaji moja kwa moja.

Namgeukia dalali, naye asinichukie. Sheria yetu ya mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 kwa kuifuata ile ya India ya mwaka 1872, humtaka wakala afanye kazi kwa uangalifu na ustadi, na hulihesabu tendo lake, likiwa ndani ya mamlaka aliyopewa, kuwa ni tendo la aliyemtuma. Dalali aliyesema "jaribu" alisema kwa kinywa cha mwenye nyumba. Na ufunguo wa mpangaji ulikuwa amana mkononi mwake: alipaswa kujua pa kufungia maji, au amsubiri ajuaye. Kwa rai yangu, mchele ule ni deni la mwenye nyumba na dalali kabla haujawa deni la mwalimu. Na hela ya kuonyesha nyumba ikatwe humo.

Ama kiasi cha fidia, hapo ndipo dhuluma hujipenyeza. Kilichovunjika ni koki ya miaka kadhaa, si mpya, na ukuta ulikuwa umekwisha kuchakaa rangi; anayelipwa bei ya dukani kwa kitu kikuukuu amepata faida, si fidia. Yapo na mabango ya mlangoni yanayotaja faini kwa kila kitakachovunjwa. Hata pale bango linapohesabiwa kuwa mkataba, sheria hiyo hiyo ya mikataba, kifungu cha 74, huitazama fedha iliyotajwa kama ukomo wa juu, na kumpa mdai kile tu kinachostahiki kwa busara. Magunia ya mchele nayo yakianikwa upesi hayapotezi thamani yote.

Na wakishindwa kupatana, daawa ya uzembe haimo katika yale ambayo Mahakama ya Mwanzo hupewa, maana mamlaka yake katika madai ya namna hii ni sheria za mila na za Kiislamu pamoja na madeni ya mikataba. Njia yake ni Mahakama ya Wilaya, nayo ifunguliwe ndani ya miaka mitatu. Yaani twende Nzega mjini kwa koki ambayo bei yake haifikii nauli za mashahidi. Ndiyo sababu nalitegemea Baraza la Kata, lenye wajumbe wanne hadi wanane, ambalo, kwa sheria ya mwaka 1985, kazi yake ya kwanza ni kuleta amani kwa usuluhishi. Mabadiliko ya mwaka 2021, yaliyoliondolea uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi na kuliachia kusuluhisha tu, yamewafanya baadhi ya watu wadhani baraza limekufa, nalo halikufa.

Ombi langu kwa madalali wa Bukene ni dogo: waingie wao kwanza, wazungushe koki na kusukuma madirisha kwa mikono yao wakiwa peke yao, wamtake mpangaji aliyemo ahamishe vilivyo rahisi kuharibika, kisha ndipo wamwite mgeni na kumwambia kilicho kibovu. Na akiwepo mtoto, mzazi amshike mkono tangu kizingitini.