Pigo Moja, Hatua Moja

(Maongezi yetu katika mkutano wa vikundi)



Wengi mmetuuliza, "Hizo nyaya za kila jioni ni za nini?" Tunajenga kompyuta ndogo kwa mikono yetu, juu ya ubao wa matundu ambao waya huchomekwa tu bila kuchomelewa. Haitaandika barua, itajumlisha namba. Lakini anayeijenga hujua kompyuta inavyofanya kazi ndani. Leo tutaongea juu ya sehemu ya kwanza: saa yake.

Saa hii haituambii ni saa ngapi. Kazi yake ni kupiga pigo. Tukivuta gogo, mmoja huita "Harambee!" nasi sote huvuta pamoja. Mwitaji akikosea, huyu anavuta na yule amelegea. Vipande vya kompyuta navyo husubiri mwito.

Tulitumia chipu iitwayo 555. Ilibuniwa na Hans Camenzind na kuanza kuuzwa karibu mwaka 1972, na mpaka leo hainunuliwi kwa pesa nyingi. Ina miguu 8. Weka kile kikato chake juu: mguu wa 1 uko juu kushoto. Hesabu ukishuka, kisha upande upande wa pili. Halafu fanya hivi:

1. Mguu wa 1 uende hasi, wa 8 uende chanya. Volti 5 za chaja ya simu zatosha.
2. Rezista ya omu 1,000 kati ya mguu wa 8 na wa 7.
3. Rezista ya omu 100,000 kati ya wa 7 na wa 6.
4. Waya kati ya wa 6 na wa 2.
5. Kapasita ya maikrofaradi 10 kati ya wa 2 na hasi. Upande wake wa hasi usikosewe.
6. Kutoka mguu wa 3, rezista ya omu 470, kisha taa ndogo ya LED, hadi hasi.
7. Mguu wa 4 uende chanya.

Kapasita ni kama mtungi. Hujaa polepole hadi theluthi mbili za volti, kisha chipu huumwaga hadi theluthi moja, na kuanza tena. Ukijaa, taa inawaka, ukimwagwa, inazima. Hesabu kwa dakika moja: utapata mapigo kama 43.

Sisi mwanzoni tuliuacha mguu wa 4 ukining'inia. Basi kila mtu akisogeza mkono, mapigo yanakatika na hesabu inaharibika. Tulilaumiana. Wengine walisema mweka hazina amenunua vifaa vibovu kwa michango yetu. Kumbe mguu ule ndio unaosimamisha saa! Waya mmoja ukamaliza ugomvi, na mweka hazina tukamwomba radhi.

Mtauliza, mbona polepole hivi, na simu hupiga zaidi ya mara bilioni moja kwa sekunde? Ni ili macho yaone kila hatua, na kosa likiingia tujue limeingia wapi.

Kikundi kinachotaka kujaribu, kianze na saa kabla ya kununua kingine chochote. Na kabla ya kumshuku mwenzenu, hesabuni miguu yote 8.