MTUMISHI AHAMISHWAPO AKAE WAPI?

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Musoma, Bunda na Butiama



Tulitakiwa tuseme neno litakalowafaa watumishi wapya wanaofika katika sehemu zetu hizi. Hatukupenda kusema habari za mshahara, kwa kuwa habari hizo kila mtu anazijua na hazimtoshi mtu yeyote. Tumechagua jambo ambalo watu hulifikiri kwa siku moja tu, kisha hulijutia mwaka mzima. Jambo lenyewe ni hili: mtumishi akipata barua ya uhamisho, achague mtaa gani wa kukaa yeye na jamaa yake?

Zamani swali hili halikuwapo. Katika miji mikubwa ya Tanganyika, tangu wakati wa Wajerumani hata wakati wa Waingereza, palikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na rangi ya mtu ndiyo iliyomwonyesha nyumba yake. Wazee wetu waliounda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali huko Tanga mwaka 1922, wakiongozwa na Bwana Martin Kayamba, walikuwa makarani hodari na watu wenye elimu. Lakini elimu hiyo haikuwafungulia mlango wa Uzunguni. Baada ya Uhuru mwaka 1961 sheria ya rangi ilikoma, na mtumishi aliyebahatika alipewa nyumba ya Serikali kwa kadiri ya cheo chake. Kisha, tangu mwaka 2002, maelfu ya nyumba hizo ziliuzwa. Basi leo wengi wetu twajitafutia wenyewe. Uhuru wa kuchagua tunao. Lakini kuchagua vema ni elimu nyingine, nayo sisi tuliinunua kwa bei kubwa.

Tulipohamishiwa Musoma tulifika peke yetu katika mwezi wa Julai, tukiwa tumewaacha mama na watoto nyuma hata tupate nyumba. Posho ya kujikimu ilikuwa ya siku chache, na nyumba ya wageni ilikuwa ikiila upesi. Jumamosi moja rafiki mmoja alitupeleka kuona nyumba karibu na ziwa. Ardhi ilikuwa kavu, upepo ulikuwa mwanana, na kutoka pale hata ofisini palikuwa mwendo wa dakika kumi. Jina la mtaa lilipendeza kulitaja mbele ya wakubwa. Tulilipa kodi ya miezi 6 siku ile ile, tukapiga simu nyumbani kwa furaha.

Mama wa watoto wetu alipofika alitazama uwanja, akatazama ukuta wa nyumba, akaona alama ya maji iliyopita kimo cha goti. Alituuliza kwa upole, “Baba Watoto, umehesabu hatua zako za kwenda kazini. Je, za watoto kwenda shule umezihesabu? Na alama hii ukutani ni ya nini?” Hatukuwa na jibu. Tulimwambia kwamba kodi imekwisha kulipwa.

Mvua za vuli ziliponyesha mwezi wa Novemba tulilipata jibu. Maji yaliingia uani, choo kikafurika, na mtoto wetu mdogo akashikwa na kuhara na kutapika. Usiku wa pili macho yake yalikuwa yameingia ndani. Barabara ilikuwa chini ya maji na hakuna mwenye pikipiki aliyekubali kuja. Tulisimama mlangoni na mtoto mikononi, nasi hatukujua jina la jirani hata mmoja. Kwa maana tulitoka alfajiri na kurudi jioni, tukipita milangoni mwa watu kama watu wapitao njia.

Aliyesikia kilio cha mama ni bibi mmoja wa ng'ambo ya ua, muuza dagaa. Hakuuliza sisi ni nani. Alimwamsha kijana wake, naye akamweka mtoto begani na kuvuka maji yale gizani mpaka barabara ya juu, na kutoka hapo tukafika hospitali. Mtoto alipona. Tulipokwenda kumshukuru bibi yule, alituambia, “Wanangu, mwezi wa nne huu mwapita hapa bila kubisha hodi.” Neno lile lilitukata kuliko maji. Kodi ilipokwisha tulihamia nyumba ndogo zaidi upande wa Nyasho, mbali na ofisi. Na bibi yule ni mama yetu hata leo.

Basi, ndugu zetu, kwa maneno haya twapenda kuwapa mashauri machache.

Kwanza, itazame nchi kabla ya kuitazama nyumba. Nyumba huonwa wakati wa kiangazi, lakini hukaliwa wakati wa masika pia. Ziwa letu halikai mahali pamoja. Mwezi wa Mei 1964 maji yake yalipanda sana, na mwezi wa Mei 2020 yalifikia kimo kile na kukipita kidogo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu katika meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mwenye nyumba aweza asikwambie hayo, ukuta utakwambia. Waulize na wapangaji waliohama.

Pili, uhesabu kodi pamoja na nauli. Tuseme nyumba ya mbali ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na nauli ya kwenda na kurudi ni shilingi 2,000 kwa siku. Kwa siku 22 za kazi nauli ni 44,000, na jumla ni 104,000. Nyumba ya karibu yenye kodi ya 90,000 ni rahisi kuliko hiyo, nawe umepata saa mbili za kukaa na watoto. Lakini kama nyumba hiyo ya karibu imo bondeni, rahisi yake ni ghali, kama tulivyokwisha kusema.

Tatu, ukae karibu na kilichopo, usikae karibu na kilichoahidiwa. Hapa Musoma twaijua hospitali ya Kwangwa, ambayo ujenzi wake ulianza miaka ya 1970, kisha ukasimama kwa miaka mingi sana. Leo wagonjwa hutibiwa humo, nasi twafurahi. Lakini mtu aliyekwenda kukaa upande ule zamani kwa tumaini la kuwa karibu na daktari, watoto wake walikua na kuoa kabla daktari hajaja. Shule nayo ni vivyo hivyo. Mwaka 1934 Chifu Burito wa Butiama alimtoa mwanawe Julius nyumbani, akampeleka Mwisenge mjini Musoma, zaidi ya kilometa 40, kwa sababu shule ilikuwa huko. Hakuufuata mji, alifuata shule.

Nne, wala hili si dogo, muulize atakayeshinda nyumbani. Sisi watumishi twaijua nyumba usiku. Mama na watoto waijua mchana. Asiyeulizwa ndiye atakayechota maji.

Tano, twawaambia hasa ndugu zetu wa Butiama. Tangu wilaya hiyo ilipoundwa mwaka 2012 wako watumishi wenye kazi katika kata za mbali, kama Buswahili, ambao hupenda kulala Musoma na kwenda kazini kila siku. Twajua sababu zao, nazo si za uvivu: nyumba nzuri ni haba kule, na wengine wana watoto shuleni mjini. Hatumlaumu mwenye mgonjwa au mwenye mtoto wa mtihani. Lakini yule awezaye na asitake, na afikiri. Mtumishi alalaye mbali na watu wake huwa mgeni wao kila asubuhi. Mvua ikinyesha, yeye hayupo. Msiba ukitokea usiku, yeye husikia kesho. Wazee wetu walifungiwa Uswahilini kwa nguvu, wakaumia. Ingekuwa aibu kama sisi, tulio huru, tungejijengea Uzunguni wa mioyoni mwetu na kuwakimbia jamaa zetu tunaowatumikia.

Mwisho, popote utakapochagua, siku ya kwanza nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji, ujitambulishe. Siku ya pili bisha hodi nyumba ya kulia, na nyumba ya kushoto, na ya mbele. Usingoje maji yaingie uani. Nyumba mbaya huweza kuhamwa kodi ikiisha, lakini mtu asiye na jirani, hata akihamia kwenye ghorofa, ameuchukua upweke wake pamoja na mizigo.

Twamaliza hapo, Bwana Mwenyekiti. Kama kuna mwanachama mwenye barua ya uhamisho mfukoni, na atuone baada ya mkutano. Tutamwonyesha mitaa kwa miguu, na tutamwomba aje na mama watoto.