Vitesi tano, lakini hatutafuti mbio

Maneno ya timu ya tereni mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Nyabiondo

Mulituita tueleze mambo ya gari ya chama, juu maulizo yamekuwa mengi. Mama mmoja alituuliza njiani: "Gari ingali inatembea, mbona munataka kuitoa matumbo?" Ni ulizo la haki. Sisi watoto wenu tutajibu bila kuzunguka.

Gari munaijua: Land Cruiser HJ47, mzee kuliko wengi wetu tuliokaa hapa. Februari 2025, wakati kambi za pembeni ya Goma zilibomolewa, njo hiyo ilibeba masufuria, magodoro na wazee wasioweza kutembea. Motere yake, 2H ya silinda sita, iko nzima. Ugonjwa uko kwenye bwate ya vitesi. Iko na vitesi nne, na ya pili inatoka yenyewe.

Mtu wa barabara tambarare atasema si kitu. Lakini sisi tunaishi milimani. Ukishuka na watu nyuma, vitesi ikatoka, motere haishiki gari tena. Zinabaki breki peke yake, na breki zikikanyagwa muda mrefu zinapata moto, zinaacha kushika. Mwezi uliopita tulikuwa tunapeleka mama mwenye uchungu Masisi-centre. Vitesi ikatoka mara mbili. Konvoyeri alishika levye kwa mikono miwili mpaka tulipofika chini. Mtoto alizaliwa mzima, tunashukuru Mungu. Lakini mikono ya konvoyeri si dawa.

Tulijaribu kutengeneza bwate ya zamani. Hapo tuliwakosea, na tunaomba msamaha: tulilipia vipande kwa muuzaji mmoja kabla fundi wetu hajaviona. Vilipofika, havikuwa vya gari yetu. Makuta hayo hayajarudi. Tangu sasa hakuna kipande kitakacholipwa kabla fundi hajakishika mkononi.

Sasa tunapendekeza bwate ya H55F, ile ya vitesi tano, kutoka HJ75. Kwa nini hiyo? HJ75 ilikuja nyuma ya gari yetu, lakini ilitumia motere ileile ya 2H, kwa hiyo bwate yake inafunga kwenye motere yetu. Muangalie vizuri: kuna H55F za motere zingine, na upande wa mbele si sawa. Jina moja si kusema inaingia.

Kazi yenyewe si ya siku moja. H55F ni ndefu kuliko bwate yetu, kwa hiyo transfere inarudi nyuma. Kardani ya nyuma itafupishwa, ya mbele itarefushwa, na zote mbili lazima zipimwe zisitetemeke. Sakafu itakatwa kidogo mahali pa levye. Embreyaji tutaiangalia siku hiyohiyo, juu kushusha bwate mara mbili ni kulipa mara mbili.

Tutapata nini? Vijana wanatuambia: "Vitesi ya tano! Sasa tutakimbia!" Hapana, ndugu zetu. Ya tano itasaidia kidogo kwenye lami, kati ya Sake na Goma: motere itazunguka polepole kwa mwendo uleule. Ukishaacha lami kupanda huku, au ukipita Kashebere kwenda Walikale ndani ya matope, ya tano ni pambo.

Mali iko kwenye ya kwanza. Kwa bwate yetu, H42, motere inazunguka mara 3,55 ili kardani izunguke mara 1. Kwa H55F ni mara 4,84. Maana yake gari inapanda na mzigo bila kuchoma embreyaji, na inashuka pole, motere ikiishika, breki zikipumzika. Mgonjwa aliyelala nyuma njo atakayejua tofauti.

Tunaomba mambo matatu. Moja: mchango wa kila nyumba uandikwe kwenye daftari ya mweka hazina, na daftari isomwe mbele ya watu. Pili: vijana wawili, mmoja wa Masisi na mmoja wa Walikale, wakae na fundi kutoka bulo ya kwanza mpaka ya mwisho, ili kesho tusitafute mtu Goma wakati barabara imefungwa. Tatu: bwate mpya isiwe ruhusa ya kurundika magunia. Ukipakia kupita kiasi, hata hiyo itakufa.

Bwate ya zamani isiuzwe. Ifunguliwe mezani, vijana wajifunzie.

Kama mkutano hautaki, tutakubali. Lakini mpaka itengenezwe, tunaomba gari isishuke tena na mgonjwa ndani. Wenye gari ni ninyi.