Alan Rickman: kuchelewa si kukosa

Katika sinema wengi huamini kwamba asiyeng'ara ujanani ndiyo basi tena. Maisha ya mwigizaji Mwingereza Alan Rickman yanakanusha dai hilo.

Alizaliwa London mwaka 1946, akafiwa na baba akiwa na miaka minane. Alisomea usanifu wa michoro, akafungua ofisi na wenzake. Akiwa na miaka 26 aliiacha kazi hiyo, akaingia chuo cha uigizaji cha RADA. Ili kujikimu, aliwavalisha mavazi ya jukwaani waigizaji wakongwe kama Ralph Richardson.

Jukwaa ndilo lililompika. Mwaka 1985 aliigiza mhusika Valmont katika Les Liaisons Dangereuses ya Royal Shakespeare Company, tamthilia iliyofika hadi Broadway. Hapo Hollywood ikamwona. Die Hard, filamu yake ya kwanza, ilitoka 1988 akiwa na miaka 42. Katika onyesho la mhusika wake kuanguka kutoka ghorofani, waandaaji wa filamu walimwachia kabla ya muda waliokubaliana. Ule mshtuko usoni ni wa kweli.

Kisha akaigiza mhusika Snape katika filamu zote nane za Harry Potter. Hata hivyo, hadi anafariki Januari 2016, hakuwahi kuteuliwa kuwania Oscar.

Sauti yake nzito na utulivu wake kabla ya kujibu havikuletwa na kamera. Ni zao la miaka ya jukwaani. Wanaosaka vipaji wasiishie kuuliza umri. Waulize pia mtu amefundwa wapi.