Upepo wa Bashay uwe wa nani?

Msikilizaji, mkulima wa Bashay, Tanzania, akiletewa habari ya umeme wa upepo, na aanze kuuliza: mtambo utakuwa wa nani?

Watu wa wilaya ya Hanang wanajua uzito wa swali hilo. Tangu miaka ya 1970, mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la umma, yaliyosaidiwa na Kanada, yalimeza malisho ya wafugaji Wabarabaig, nao wafugaji wakaishia mahakamani. Kenya nako, mradi wa upepo wa Ziwa Turkana una mitambo 365, lakini mwaka 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake hazikupatikana kihalali. Huko huko Kenya, Kinangop, wakulima walipinga mradi wa upepo, nao ukafutwa mwaka 2016.

Denmark walipita njia nyingine. Mitambo 20 ya Middelgrunden, baharini karibu na Copenhagen, nusu yake ilijengwa kwa hisa za ushirika wenye wanachama zaidi ya 8,000.

Kwetu Tanzania, mitambo mitatu ya upepo ya Mwenga, Mufindi, ni ya kampuni. Hata hivyo inafundisha jambo: upepo husaidia kiangazi, maji ya mtoni ya kuzalishia umeme yanapopungua.

Naamini ushirika wa mazao unaweza kumiliki mtambo mdogo wa upepo wa kusaga mahindi na kusukuma maji. Kuuza hisa na kugawana mapato si mambo mageni kwa wanaushirika. Ila kabla ya kukopa hata shilingi, upepo wa mahali mtambo utakapojengwa upimwe mwaka mzima, na matokeo yasomwe mbele ya mkutano mkuu wa wanachama.