Hasara si Wizi

Juma lililopita nilikuwa nyumbani Mbuji, wilayani Mbinga, kwenye msiba. Jioni, tukiwa tunaota moto, mazungumzo yakaangukia kwa viongozi wa vyama vya ushirika. Kijana mmoja akasema kwa hasira: "Kiongozi yeyote anayetia chama hasara afilisiwe, basi!" Wengi wakaitikia. Baba yangu mdogo, aliyekuwa ameketi papo hapo, akanyamaza.

Mimi nilijua kwa nini. Mwaka 1997 alikuwa mwenyekiti wa chama kimoja cha msingi. Mwezi Mei mwaka ule bei ya kahawa ya arabika katika soko la New York ilipita dola 3 kwa ratili. Kahawa yetu ilipokuwa tayari, bei ilikwisha anza kushuka. Je, wauze mara moja au wangoje bei irudi? Kamati ilikaa, ikatafuta habari za bei, ikamwita mtu aliyeujua mnada wa Moshi, ikabishana hadi magharibi. Wengi wakaona heri kungoja. Bei haikurudi. Wanachama wakapiga kelele kwamba kamati "imekula". Baba mdogo hakula hata senti, lakini aliuza ng'ombe wawili ili watu wanyamaze. Tangu siku hiyo hajakubali uongozi wowote, hata wa kamati ya shule.

Miaka michache baadaye kiongozi mwingine aliuza kahawa ya chama kwa shemeji yake, bila kuuliza bei kwingine. Chama kikapata faida kidogo. Yeye alipigiwa makofi.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo tunapokosea. Tunatazama mfuko tu, hatuulizi uamuzi ulifikiwaje.

Sheria za biashara zimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Huko Marekani, mwanahisa mmoja wa timu ya besiboli ya Chicago Cubs alidai mahakamani kwamba mkuu wa timu, Philip Wrigley, anawatia hasara kwa kukataa kuweka taa uwanjani ili michezo ichezwe usiku. Wrigley aliamini mchezo ule ni wa mchana. Mwaka 1968, mahakama ya Illinois haikusema kama ana busara au hana. Ilisema hakuna ulaghai, uvunjaji wa sheria wala maslahi binafsi yaliyoonyeshwa, kwa hiyo uamuzi ni wa wakurugenzi, si wa jaji.

Lakini kinga hiyo si ya bure. Mwaka 1985, Mahakama Kuu Kabisa ya jimbo la Delaware iliona kwamba wakurugenzi wa kampuni ya Trans Union walifanya uzembe mkubwa. Hawakuiba. Tena walikubali kuiuza kampuni kwa bei iliyozidi ile ya soko la hisa. Kosa lao ni kwamba walipitisha jambo zito hivyo katika kikao cha saa mbili hivi, bila kusoma mkataba wenyewe na bila kuchunguza thamani halisi.

Kwetu, Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inamtaka mkurugenzi atende kwa nia njema na kwa uangalifu. Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, inapozungumzia kuzisababishia hasara taasisi za umma, inauliza habari za makusudi, uzembe na kukosa uangalifu. Hasara peke yake haitoshi. Lazima nyuma yake pawe na kosa.

Najua hasira ya watu wa Mbinga inatoka wapi. Chama chetu kikuu, MBICU, kilianguka miaka ya 1990, na wakulima waliozoea kupewa pembejeo kwa mkopo wakabaki mikono mitupu. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Na wako watakaosema kwamba kinga hii ni kichaka cha wezi.

Mimi nasema mwizi ndiye atakayeumbuka, maana kinga ina masharti. Muhtasari wa kikao uko wapi? Mliuliza bei kwa nani? Nani alipinga, na kwa hoja gani? Mnunuzi ana undugu na nani? Asiyeweza kujibu, abanwe sawasawa. Aliyejibu yote, na bado soko likamgeuka, aachwe aende kwake na ng'ombe wake.

Tusipofanya hivyo, waaminifu watakaa pembeni, na viti vitakaliwa na wasioogopa kitu kwa sababu hawana aibu.

Usiku ule, watu walipotawanyika, baba mdogo alinionyesha daftari la kikao cha mwaka 1997. Bado analo, na jina la aliyepinga limo. Akaniambia, "Mwanangu, wakati ule hakuna hata mmoja aliyeniomba nimsomee."